Vifuniko Vitano

Vifuniko vitano vya boksi la uji wa kizungu,
stempu mbili, na jina kwa herufi kubwa:
TUSAJIGWE, S.L.P. 41, TUKUYU.
Ndivyo mtu alivyojiunga na klabu
ya Kicheche Rubani, yule wa katuni za gazetini.

Kwetu tulikunywa ulezi.
Vifuniko niliviokota jalalani kwa meneja wa chai,
kimoja kimetafunwa na mbwa wake.

Masika yote nilipanda Posta na mvua;
karani Mwandemele akitikisa kichwa
kabla sijauliza.

Beji ilifika nimeshaingia sekondari:
ya bati, pini imepinda,
na huko Dar wamesoma mwandiko wangu vibaya:
TUSIJUE, RUBANI DARAJA LA PILI.

Hadi leo kaka yangu huniita hivyo.
Naitika.