Kumi na Tatu kwa Kumi na Nne

Kifurushi kilikata seti ya tano,
sisi kumi na tatu, Kameruni kumi na nne.
Namba saba wetu yuko juu, kiwiko kimepita wavu,
kiganja kimeshaupiga,
mara kioo kikawa buluu: tafadhali lipia huduma.

Ntibashigwa kinyozi akabaki na mashine mkononi, inanguruma bure.
Kichwa cha Feruzi kilikuwa kimenyolewa upande wa Kongo;
upande wa Gungu bado msitu.
"Usiniguse," akasema Feruzi, "mpaka ijulikane."

Ndipo mashtaka yakaanza.
Kwamba mpangaji wetu humpa namba saba kila mpira
kama mama mwenye mtoto mmoja.
Kwamba bloku yetu ni ua wa mabua, mbuzi anapita na ndama yumo.
Kwamba servisi tisa, Sadoki alizihesabu kwa njiti za kiberiti,
servisi tisa zilikwenda kulala wavuni,
"na sisi wa Kibirizi ndio tunaojua
kilichoingia wavuni hakirudi."
Kwamba kocha alikaa, mikono kwapani,
akaomba mapumziko maji yameshamwagika.
Na Rwanda wale, wanakula nini?
Wanakula mazoezi, nikasema.
Hakuna aliyecheka.

Lakini ule mpira.
Uliangukia ndani au nje?

Redio ilisoma mpira wa miguu tu, hadi wa Uhispania.
Ziwa lilikuwa limefungwa, dagaa wapumzike, na watu hawana kazi;
kesho yake wakatandika wavu mkuukuu
kati ya nguzo ya umeme na kibanda cha vocha,
wakachora mstari kwa unga wa muhogo.
Yoranda akapiga kelele: huo mlo wa wanangu!
Wakamlipa, akavuta ndoo, akakaa kutazama.
Mpira wakaupaka mawese, uache alama utakapotua.
Sadoki akawa namba saba. Kimo hana,
wakampandisha juu ya kreti la soda.

Mara ishirini alipiga.
Kumi na moja ndani, nane nje,
na mmoja kwenye shati jeupe la mwalimu Gwimo
aliyekuwa akipita zake kwenda kanisani.

"Kumi na moja!" Feruzi, nusu kichwa kinang'aa jasho. "Wengi wape!"
"Mstari haupigiwi kura," nikamwambia,
maana mimi nimeshika kibendera miaka sita
mashindano ya shule, Kasulu hadi Uvinza,
naijua ile robo ya sekunde
mkono unataka kuinuka na jicho halijamaliza kuona.
Siku moja, Uvinza, nilikiinua kwa sababu ya njaa,
nilitaka mechi iishe.
Vijana wa watu wakarudi kwao wanalia ndani ya lori.
Sijamwambia mtu.

Wala hili sijasema:
mpwa wangu yuko chuoni Dar, alinitumia ujumbe usiku uleule.
Neno moja.
Nililisoma nyuma ya mlango wa kibanda,
nikaigeuza simu kifudifudi
kama anayefunika chungu asionekane anapika nini.

Siku ya nne Yoranda alikuwa akifagia unga, kuku wamemzunguka.
Akanitazama, akaitazama simu.
"Wewe unajua."
"Najua bei ya muhogo."
Akacheka kwa pua.
"Kila mtu hapa ana mpwa," akasema. "Feruzi anao watatu."

Nikageuka.
Feruzi, kofia imeshuka hadi nyusi, alikuwa anachora mstari upya,
taratibu, ulimi nje,
na Ntibashigwa anamshikia kopo la unga.
"Safari hii," Feruzi anasema, "tuhesabu na upepo."
Sadoki tayari yuko juu ya kreti.
Mtu akanipa kibendera: kitambaa cha kinyozi
kimefungwa kwenye kijiti, kina nywele bado.

Nikaenda kusimama pembeni, mahali pangu.