Mfuko wa Elumalai

Saa nane za usiku wananiita mimi, mfagiaji,
wala si kwa ajili ya ufagio.
Juu ya meza ya daktari kuna mfuko wa nailoni
umefungwa mafundo matatu,
kana kwamba kilichomo kinaweza kufufuka na kinyongo.

"Vellachi, hebu tutazamie," asema Daktari Yazhini,
aliyesomea Chennai miaka sita
na haoni haya kuuliza. Nampendea hilo.

Namnyoosha nyoka chini ya taa.
Kichwa kimepondwa kwa tofali. Huponda kichwa kila mara.
Basi nasoma mgongo.

Baba yangu Sokkan, mkamata nyoka wa mashamba ya mpunga,
hakuweza kusoma jina lake kwenye kadi ya chama,
lakini herufi hizi alinifundisha:

pete nyeupe zikianzia shingoni, pana,
kisha zikafifia kuelekea mkiani kama chaki inayokwisha,
huyo ni nyoka mbwa-mwitu, mla mijusi,
mwingi wa hasira, meno matupu.

Pete zikichelewa, zikaacha shingo nyeusi tii,
zikaja nyembamba, mbilimbili,
huyo ndiye kattuviriyan.
Pitisha jicho katikati ya mgongo:
magamba makubwa ya pembe sita, safu moja,
kama vyumba vya sega la nyuki.
Jicho, alisema. Si kidole. Hata akiwa maiti.

Watu walimwambia: mwenye sumu ana kichwa cha pembetatu.
Baba alicheka hadi tambuu ikamtoka mdomoni.
"Basi swila ni mtawa! Na kattuviriyan ni bibi harusi!"

Huyu wa mezani:
pete pana shingoni, mkia karibu mweusi mtupu,
magamba ya mgongo madogo, yanafanana yote.

"Hana sumu," nikasema.

Chumba kizima kikashusha pumzi.
Elumalai akaketi sakafuni palepale,
akicheka kwa sauti ya mtu anayelia.
Mtoa dawa akarudisha chupa kwenye friji.
Nami, nisikudanganye, nilivimba kichwa kidogo:
binti wa Sokkan, na vyeti vyote vile ukutani.

Kisha mtoto akauliza,
"Baba, mbona taa ziko mbili?"

Taa ilikuwa moja.

Iniyan, miaka saba, amekaa kwenye benchi,
hana uvimbe, hana maumivu,
ana vitone viwili nyuma ya sikio, kama vya mbu.
Na kope zake zinashuka,
zinashuka kama mlango wa duka la mtu aliyechoka,
anazipandisha kwa kuinua kidevu, zinashuka tena.

"Elumalai, huyu ulimkuta wapi?"
"Ukutani. Juu ya mlango."
"Na mtoto alilala wapi?"
"Chini. Kwenye mkeka."

Mbwa-mwitu hupanda kuta akifuata mijusi.
Kattuviriyan hapandi ukuta.
Hufuata sakafu, hufuata joto la mwili uliolala,
huuma kwa upole hata usingizi haukatiki.

Nilimsoma nyoka sawasawa.
Herufi hata moja sikuikosea.
Nilisoma barua ya mtu mwingine.

Daktari hakunisubiri nimalize.
Friji ikafunguliwa tena, chupa kumi, mpira wa mkononi,
mtu akatumwa kuwasha jenereta ya mashine ya pumzi.
"Mfumbue macho, Iniyan. Nitazame. Nihesabie vidole."
"Sita," akasema. Alikuwa ameonyesha vitatu.

Mimi nimebaki na mfuko, na nyoka asiye na hatia,
na swali linalonipanda kooni polepole
kama lina mwili wake:

"Elumalai. Nyumbani umemwacha nani?"

Ananitazama. Midomo yake inasogea kabla ya sauti.
"Mke wangu. Na mtoto mchanga.
Niliwaambia nimeshamuua. Niliwaambia walale."

Anabonyeza simu, vidole vyote vimekuwa dole gumba.
Namnyang'anya, nabonyeza mimi.
Inaita.
Inaita.