Kiti cha Pentti

Saa tatu asubuhi, Tampere, Januari,
jua bado halijaamka, theluji imeshachoka.
Henriikka Vuolle alivua viatu mlangoni,
akaingia na soksi za sufi,
moja kidole gumba kimechungulia nje.

Sisi tulikuwa watatu:
Ruuska mkuu wa kitengo, binti wa rasilimali watu, nami
niliyeitwa kupima kama kazi anaijua.
Wasifu wake ulikuwa mezani, kurasa mbili.
Wetu haukuwepo.

Nikampa kalamu ya ubao na swali langu la miaka sita:
orodha ina kitanzi ndani yake, utakijuaje?
Akachora, akaandika mistari minne, akafuta mmoja.
"Hapa sina hakika," akasema. "Kazini ningemwuliza mtu."
Ruuska akaandika. Nikachungulia: *hajiamini*.
Kwenye karatasi yangu: *mkweli*.

Kisha tukamwuliza kama ana swali,
kwa sauti ya mwenye duka aliyekwisha kushika komeo.
Alikuwa nalo.
"Aliyekikalia kiti hiki kabla yangu
aliondoka kwa nini?"

Ruuska akacheka kidogo. Pentti alipata pazuri zaidi, alisema.
Mengine aliyosema yalikuwa kweli:
kahawa, sauna ya ghorofa ya nane, likizo ya wiki sita.

Pentti aliamshwa na simu usiku kumi na moja mfululizo
kwa kosa alilolitaja tangu Agosti,
nasi tukamwambia lisubiri.
Usiku wa kumi na mbili simu ililia droweni, hapa ofisini.
Alikuwa ameiacha na kwenda zake kwa miguu.

Ruuska alipokuwa akijibu, Henriikka hakumtazama.
Alinitazama mimi.
Mimi nilitazama ubao,
ule mduara wake, mshale unaorudi ulikotoka.

Tumeonywa tusinunue mbuzi kwenye gunia.
Hakuna aliyetwambia kwamba mbuzi naye, humo gizani,
anaunusa mkono unaompapasa.

Barua yake ilifika Ijumaa. Mistari miwili, adabu tupu.
Yetu, ya kumkubali,
ilikuwa bado inangoja saini ya Ruuska.

Ubao sijaufuta.
Leo saa nane usiku simu imelia
na nimeipokea mimi, nimesimama jikoni pekupeku,
nikisema ndiyo, ndiyo, nalijua kosa hilo,
la tangu Agosti.