Mmiliki 1003

Seva ya makaburi ya Viljandi
inakaa chini ya ngazi za ofisi ya mji,
kati ya ndoo ya chumvi ya barafu
na mabango ya uchaguzi uliopita.
Nilikabidhiwa ufunguo, nywila,
na maneno matatu: "Alikuwa anajua Endel."

Nikaingia kwa mzizi, nikashuka saraka kwa saraka.
Lo! Nyumba gani hii, jiko liko kitandani?
tovuti
tovuti_mpya
tovuti_mpya2
tovuti_mpya_YA_KWELI
usifute
Nywila ya hifadhidata imeanikwa uani kama nguo ya ndani,
na milango yote ni saba, saba, saba:
mwenyewe, jamaa na mpita njia,
kila mmoja asome, aandike, aendeshe.
Nilitukana kwa Kiestonia, taratibu;
irabu zetu ni ndefu, hasira hupata pa kupoa.

Ilikuwa tarehe kumi na tisa Desemba.
Tarehe ishirini na nne mji mzima hutoka na mishumaa.
Mtu atavua glavu kwa meno,
ataandika jina la bibi yake kwenye simu,
atataka safu, namba, na njia ya kupita thelujini.
Wafu wetu wamepangwa vizuri
kuliko faili zinazowatunza.

Basi nikahamisha.
Msimbo ukapata makao, kila toleo na tarehe yake,
na kiungo kimoja, "sasa", kikisonta lililo hai.
Picha za mawe, elfu sita na ushei,
nikazipa chumba chao cha pembeni
ili siku nikibomoa nyumba zisifukiwe.
Siri nikazifungia /etc.
Kumbukumbu za wageni nikazipeleka /var/log,
zikanenepe huko.

Ukabaki umiliki.
Nikauliza kila faili: wewe wa nani?
Ikajibu: 1003.
Namba tupu. Akaunti ya Endel ilifutwa Machi,
wiki ileile ya mazishi, kama kanuni inavyotaka,
na mashine, isiyojua tanzia,
ikaendelea kumtaja kwa alichobakiwa nacho.

"usifute" nilikuwa nimeiweka kiporo.
Ndani, hati moja, mistari minne.
Kila siku, saa kumi na mbili asubuhi,
ifungue ukurasa wa kaburi moja,
isubiri sekunde saba,
ifunge.
Safu ya tisa, namba kumi na nne. Helju Kuusmaa.

Nikarudi kwenye kumbukumbu, nikahesabu.
Miaka kumi na mmoja, mgeni yuleyule wa alfajiri,
anwani yake ni seva yenyewe.
Yupo Februari.
Yupo Machi, siku ya kumzika Endel.
Yupo leo, saa tatu kabla sijafika.

Nilishaandika amri ya kubadili mmiliki,
kuanzia shinani hadi jani la mwisho.
Kidole kikakaa juu ya kitufe.
Nikaifuta. Nikaandika nyingine, ndefu zaidi,
kwa sababu ya "isipokuwa" moja.

Raivo, mkaguzi, alisoma ripoti yangu kwa kalamu.
"Virve, faili moja imekuponyoka."
"Haijaniponyoka."
Akaitazama ile namba, akanitazama.
Akafunika kalamu,
akainua ndoo ya chumvi,
akaenda kuimwaga vidatoni.