Haina Maneno Mengi

Tuliinunua Majengo, kwa mtu aliyekuwa anahama,
mwaka ule malori yaliposhusha makabati ya ofisi
na kodi ya chumba ikapanda usiku mmoja.
Mapipa mawili ya plastiki yaliyoungana ubavu,
moja la kufua, moja la kukamua,
na swichi tatu za kuzungusha. Basi.
Haina kioo. Haina taa ya buluu.
Ikimaliza hulia kriii, mara moja, kama baiskeli,
kisha hunyamaza.

Mama hakuiamini.
Wiki ya kwanza alifikicha kola zote kwa mkono
ndipo akazitumbukiza,
"isije ikaaibika," alisema,
kana kwamba ni mkwe aliyefika jana.
Akavuta kigoda, akakaa mbele yake, akasikiliza:
vuu kulia. Kimya. Vuu kushoto. Kimya.
Mikono iliyofukua maji kwenye mchanga wa korongo,
Mpwapwa, kabla mimi sijazaliwa,
ikalala mapajani haina kazi.
Ikatafuta karanga za kumenya.
Jumamosi ya tatu ikaacha kutafuta.
Mama akasinzia mdomo wazi saa nne asubuhi,
jambo ambalo hakuna mtu nyumbani kwetu
aliyewahi kuliona.

Nkuhungu maji hutoka Jumanne na Ijumaa, usiku,
yakipenda.
Tunakinga madumu, tunamimina kwa ndoo;
mashine haiulizi yametoka wapi wala yana nguvu gani.
Ya nguo nyeupe yanafua za rangi,
ya rangi yanafua za shamba,
na ya mwisho, mekundu kama chai iliyochacha,
tunayamwaga uani.
Vumbi limetoka uani, limepanda suruali,
limezunguka robo saa, limerudi uani.

Jirani yetu Ndulani alinunua ya mlango wa duara,
ina jicho kama la samaki, inaongea na simu.
Sikucheka. Niliitamani, kusema kweli.
Jumapili moja jioni umeme ukakatika,
na ile kitu ikafumba jicho
na sare za watoto watatu tumboni.
Uliporudi ikaandika herufi moja na namba mbili.
Ndulani akaja saa tano usiku na bisibisi mkononi,
haya usoni,
kuuliza kama namba hizo tunazijua.

Fundi Chilewa aliifungua alfajiri, kwa kamba na matusi.
"Kadi yake imekufa," alisema. "Inaagizwa Dar.
Dar nao wanaagiza."
Sare zikaletwa kwetu zinachuruzika,
Mama akazisokomeza kwenye pipa dogo,
dakika tano,
na upepo wa Dodoma, ambao hauna shukrani ya mtu,
ukamaliza mengine kabla ya kengele ya shule.

Yetu nayo huharibika, tusidanganyane.
Mwaka wa sita mkanda ulikatika.
Chilewa alitoa skrubu nne, akainamisha kichwa ndani,
akasema kwa sauti ya pipa:
"Hii waliitengeneza watu waliojua itaharibika."
Nilidhani anaitukana.
Kumbe alikuwa anaonyesha njia waliyomwachia:
nafasi ya mkono kupita,
skrubu ambazo bisibisi ya sokoni inazijua.
Elfu tisa, na chai.

Swichi ya katikati ilishavunjika. Tunazungusha kwa koleo,
na koleo lina msumari wake ukutani;
ole wake anayelipeleka kufungia waya.

Sasa ina miaka kumi na mmoja na tabia mpya:
ikikamua, inatembea.
Hatua ndogondogo, inatetemeka, inauelekea mlango,
inaburuta waya wake nyuma.
Tumeweka nusu tofali. Inalisukuma.
Mama, goti lake bovu likiwa ndilo lililo karibu,
anaisukuma kwa hilohilo kuirudisha ukutani.
"Unakwenda wapi wewe," anaiambia,
"na mashuka bado?"