Wa Mwisho Afunge Lango

Kazi yangu ni moja: kuwa wa mwisho.
Mererid yuko mbele, ramani yake ndani ya mfuko wa plastiki,
mimi nyuma nafunga malango,
maana kondoo wa huku hawangoji mtu asahau mara mbili.
Tuliondoka kwenye maegesho ya kanisa saa tatu na robo,
watu kumi na mmoja,
manyunyu yakituonja tu, hayajaamua bado.

Lango la kwanza, kumi na mmoja.
Lango la pili, kumi na mmoja na mbwa wa Nesta,
ambaye Mererid alikataa katakata kumhesabu.
Kwenye kangaga njia ikawa kijito,
kijito kikawa njia,
soksi zetu hazikuulizwa.
Hywel wa benki akaanza kutueleza buti zake zilivyo ghali,
akateleza kabla hajafika kwenye bei.

"Hiki kilima," Mererid akasema, akitembea kinyumenyume,
"ni Moel y Gigfran. Moel ni kipara.
Kipara cha kunguru."
Tukainua macho tukione hicho kipara.
Kilikuwa kimevaa kofia.

Ukungu wa huku hauji, unakukuta.
Mara mgongo ulio mbele yako ni kivuli,
mara ni koti la njano lisilo na mtu,
mara ni kikohozi.
Penye rundo la mawe Mererid alituhesabu kwa kutugusa mabega.
Kumi.
Akarudia. Kumi.
Kisha akanitazama mimi,
wala hakusema neno,
na hilo ndilo lililoniuma.

Tulirudi kwa nyayo zetu, kipenga kikilia,
na tulimsikia kabla hatujamwona:
tok.
Kimya kirefu.
Tok.
Idwal, miaka sabini na tisa,
amepiga magoti penye pengo la ukuta,
glavu mfukoni, jiwe mkononi,
analigeuza na kuligeuza, anatafuta uso wake.
Ukuta usiojua saruji, mawe yameshikana kwa uzito tu.
"Tuliujenga na marehemu kaka yangu," akasema bila kugeuka,
"mwaka ule wa theluji kubwa. Yeye kutoka kule, mimi kutoka huku.
Upande wake umesimama.
Ulioanguka ni wangu."

Hakuna aliyemwambia twende.
Nesta akaokota jiwe. "Hilo baadaye. Lete lile bapa."
Makubwa chini, marefu yapite pande zote mbili,
vifusi tumboni,
"na usinirushie, nipe."
Hywel alipiga magoti kwenye tope na buti zake zote.
Mkate wa jibini tuliula na mchanga wake.
Mimi nilipewa kazi ya vifusi, nikashukuru.
Mererid alitazama saa,
akatazama kilele ambacho hakikuwapo,
akakunja ramani.

Saa tisa tukateremka. Ilibaki mistari miwili, na mawe ya juu.
"Jumamosi," Idwal akasema,
kama mtu anayetaja basi analolijua.
Kwenye fomu ya chama kuna mahali pa kujaza: Kilele, mlifika?
Mererid aliandika hapana.
Penye sababu aliandika ukuta,
akakifuta, akakiandika tena.

Nilifunga lango, nikalitikisa, nikageuka.
Kondoo mmoja alikuwa amekuja hadi pale penye mawe mapya,
akauweka ukuta paji la uso,
akasimama hivyo, akifikiri.