Daftari la Vipimo, Bondeni

Raga sijawahi kuielewa vizuri,
lakini miguu naielewa.
Mwaka wa arobaini na moja huu
nakanyaga cherehani kwenye baraza hii hii,
na daftari langu la vipimo limebadilishwa jalada;
la kwanza lililiwa na panya.

Ukurasa wa Wanambisi una doa la chai.
Kiuno thelathini na mbili.
Mguu, kwa ndani, thelathini na saba.
Nilipima mara mbili,
nikidhani futi yangu imevutika.
Alikuwa na miaka ishirini na minne,
mpakiaji wa kiwanda cha pareto,
na mpira hajaugusa maishani.
Msimamizi wa zamu alimwona akishusha gunia
kutoka juu ya rundo, bila ngazi,
akamwambia: Jumamosi, usiende kanisani mapema,
pitia uwanjani kwanza.

Msimu wa kwanza aliruka kabla ya mpira.
Wa pili, baada yake.
Wa tatu ndipo walipokutana huko juu,
yeye na mpira, kama wadeni wawili
waliochoka kukwepana.

Mang'eni, mwanawe, aliletwa kwangu na mwalimu.
Darasa la saba! Na karatasi:
urefu wa mwezi huu, urefu wa mwezi ujao,
mayai mangapi, usingizi saa ngapi.
Akifika kidato cha tatu anajua jina la kila msuli,
na kuruka anaruka kwa wakati,
jambo lililomchukua baba yake miaka mitatu
na meno mawili.

Watu huniuliza, nani zaidi?
Wanadhani fundi hana upande.

Basi nitasema ninachokijua.
Kaptula za baba zilipasuka msambani,
kila Jumatatu, mshono ule ule:
mtu anayejing'oa ardhini mwenyewe.
Enzi zake kumwinua mwenzako ilikuwa kosa,
ulipanda peke yako
na viwiko vya watu mbavuni,
na ukiupata mpira hukai nao,
unaugonga chini kwa yule mfupi wa jezi tisa
ndiye akimbie, ndiye atajwe redioni.

Za mwana hupasuka pembeni, mapajani,
mahali pa vidole vya wengine.
Siku hizi wawili humshika, humpandisha,
anakaa hewani kama anayetafuta ufunguo juu ya kabati.
Nimemwekea viraka vya turubai pale wanaposhika.
Lakini mpira? Vilevile.
Anaugonga chini. Kuna mfupi mwingine, jezi ile ile tisa.

Mzee huguna kwenye benchi langu:
"Wanakupakia kama gunia. Na gunia nalijua mimi."
Kijana hucheka, hajibu.
Ameshajifunza hilo pia, na hakuna karatasi iliyomfundisha.

Mwezi uliopita Wanambisi alikuja kushona suruali ya mazishi ya shemeji.
Thelathini na tano.
Nikapima tena. Goti limekataa kunyooka,
limezima na inchi zake mbili.
"Kata," akasema.
Sikukata. Nimekunja pindo kwa ndani,
kitambaa kipo, siku kikihitajika.

Kuondoka ndiyo ikawa kazi.
Baraza yangu ina ngazi tatu, ya kati imebomoka
na mwenye nyumba anaahidi tangu Pasaka.
Mang'eni akainama upande huu,
mchoma mahindi wa hapa jirani upande ule,
wakamshika mapajani bila kuambiana,
moja, mbili.

"Hii ni penalti," mzee akasema, miguu hewani.
"Refa akiona, hii ni penalti."

Na mkono wake wa kulia, kwa mazoea tu,
ukapanda wenyewe
ukagonga bati la baraza langu, paa!

Vumbi la miaka arobaini likashuka
juu ya shela ya bibi harusi wa Jumamosi.
Nimeifua mara mbili. Bado.